Barua ya wazi kwa Mshauri wa Wanafunzi: wiki ya utambulisho iwe na futikamba

Ndugu Mshauri,

Salaam kutoka kwa walimu wa elimu maalumu hapa Mtwara. Tunakuandikia mapema, kabla ya wiki ya utambulisho, maana hapo ndipo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapoambiwa kwamba mwenye ulemavu ni mtu wa kuhurumiwa. Vijana hawa moyo wanao. Ujuzi ndio hawajapewa.

Tazama suala la noti. Mwanafunzi anapiga picha ubao, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, anaamini wote wameipata. Simu ya asiyeona, yenye programu ya kusoma kwa sauti, ikifika hapo mara nyingi hutamka "picha", basi. Yakichapwa maandishi yaleyale, inayasoma neno kwa neno.

Na ngazi je? Vidato vitatu vya sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu, kwa hiyo njia ya mteremko iwe mita 5.4. Ukilaza ubao wa mita 2, kiti mwendo kinainuka mbele na kumwangusha mtu chali. Ndipo wanafunzi wanne wanambeba mwenzao na kupigiwa makofi. Makofi hayo yanatuuma: siku wabebaji wakichelewa, naye kipindi kimempita. Hata njia iliyojengwa vizuri haifai kitu ikiwa pikipiki imeegeshwa chini yake, au ikiishia kwenye mchanga wetu huu, magurudumu madogo ya mbele yakazama.

Tunaomba ile hotuba ya saa moja kuhusu ulemavu, inayotolewa wiki ya utambulisho, iwe mazoezi ya nusu siku. Wapime ngazi na milango wenyewe. Mlango wa sentimita 90 unatosha. Wajifunze kumwongoza asiyeona: muulize kwanza, mpe kiwiko akishike, tangulia nusu hatua, fimbo yake usiiguse. Mwenye ualbino asipangiwe kiti cha dirishani penye jua, na karatasi yake iwe na herufi kubwa. Wakalimani wa Lugha ya Alama wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi, kwani mmoja akichoka anaanza kudondosha maneno, na kiziwi hana namna ya kujua kilichodondoka.

Waongozaji wawe wanafunzi wenye ulemavu wenyewe, walipwe kama wawezeshaji wengine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, hivyo hatuombi fadhila.

Futikamba tutakuja nazo.