Risala ya Watumishi wa Kituo cha Afya kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Kuhusu Kuanzisha Ushirikiano Pacha

Ndugu Mgeni Rasmi,

Kwa niaba ya watumishi na kamati ya kituo chetu, tunakushukuru kwa kuvuka maji na kufika hapa Ukerewe siku hii tunapoanza rasmi mazungumzo ya ushirikiano pacha kati ya kituo chetu na hospitali moja ya Ujerumani.

Ndugu Mgeni Rasmi, jambo hili si geni mkoani. Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu mwaka 1966, na Hospitali ya Bugando imeshirikiana na taasisi za afya za mji huo wa Ujerumani. Sisi tumeipenda njia inayoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, yenye hatua sita: kujenga uhusiano, kutathmini mahitaji, kubaini mapengo, kupanga, kutekeleza, na hatimaye kupima matokeo. Tunaloliona kuwa la maana zaidi ni kwamba hatua tatu za mwanzo hazihitaji kontena la misaada. Zinahitaji watu kukaa chini na kuambizana ukweli.

Tunasema hivyo kwa sababu katika stoo yetu ipo mashine ya kuzalisha oksijeni, imefunikwa kanga. Tulipewa na wafadhili wenye nia njema, ikafanya kazi vizuri hadi vichujio vyake vilipochakaa, na vipya havikupatikana dukani Mwanza wala hapakuwa na fundi aliyefundishwa kuihudumia. Wakati huohuo, katika chumba cha kujifungulia, wakunga wetu wananawa mikono kwa ndoo ya koki inayojazwa kwa maji ya kubebwa kichwani, na hakuna mfadhili aliyewahi kutuuliza habari za maji hayo.

Kwa hiyo tunaomba tathmini ya mahitaji ifanywe kwanza na wakunga, wauguzi na mafundi wetu, na wageni waje kuisoma pamoja nasi. Nao wana ya kujifunza kwetu, kwani kichocho, ambacho huko kwao ni nadra, sisi tunakitibu kwa prazikwanteli mwaka mzima miongoni mwa wavuvi na watoto wanaooga ziwani.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Tunaomba ofisi yako ipitie hati ya makubaliano kabla haijasainiwa, hasa kifungu cha nani atagharamia vipuri na matengenezo. Tunaomba kila upande uteue mratibu mwenye muda uliotengwa kwa kazi hii, maana mawasiliano hufa pale yanapoachiwa mtu mwenye zamu za usiku. Na kubwa kuliko yote, tunaomba msaada wako ili maji ya bomba yafike chumba cha kujifungulia hata kabla wageni hawajawasili.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.