Twende Kaloleni kwa Hawe

Kisauni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu sana. Huku hatujambo, ila joto limetukalia. Majani ya muarobaini uliyoniomba nimeyaanika, nakutumia. Ni ya kuogea huo upele wako tu. Mtoto akipata homa usimnyweshe, mpeleke akapimwe malaria. Hata nyanya yangu Hawe, na miti yake yote ya dawa, homa ya mtoto huipeleka zahanati.

Nilikwenda kuyachuma kwake Kaloleni. Siku hiyo jirani mmoja alikuwa akiharisha, Hawe akatwaa panga akauendea mzambarau ulio nyuma ya jiko. Hakukata papo hapo. Aliweka kiganja kwenye shina, akauomba kwa Kigiriama, taratibu, kama anayemwamkia mzee mwenzake. Akabandua gamba upande wa mashariki, upana wa vidole vitatu, kisha kipande kingine magharibi. Halafu akakanda udongo kwa maji, akapakandika pale palipobanduka. "Ukiubandua kuuzunguka," akaniambia, "umeuua."

Nikakumbuka unga wa dawa niliowahi kununua sokoni hapa mjini. Nilimuuliza muuzaji ni wa mti gani, akanijibu, "Wa tumbo." Basi. Iliniuma, Mwanaisha.

Misitu ya Kaya, ile mitakatifu yetu Wamijikenda, iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zake zikatiwa kwenye orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Nilijivunia sana. Lakini Hawe ana wajukuu tele, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, awezaye kumtajia miti kumi kwa Kigiriama. Juzi alinituma jani, nikamletea lingine. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, akainuka kwenda kulichuma mwenyewe.

Kwa hivyo nakuomba, likizo ya Desemba uje tukae naye wiki nzima. Wewe una mwandiko na una subira. Tuandike jina la kila mti kwa Kigiriama, unapoota, na unavyochumwa. Amekubali, ila miti miwili hataki iandikwe. Ni ya ukoo, nitaonyeshwa kwa macho tu. Hiyo tutamheshimu.

Mletee leso, ya buluu. Na ulale mapema siku hiyo, maana Hawe huingia vichakani kabla jua halijachomoza.

Wako,
Kadzo