Kwa Mjomba, kuhusu magitaa ya mwaka huu

Leeds, Uingereza
24 Novemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na mkazamjomba, Bibi na wote waliopo hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi imekwisha kuingia na jua linatuchwea kabla ya saa kumi alasiri.

Katika barua yako ya mwezi uliopita uliniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu harakaharaka kwenye simu: je, nyimbo anazotunga binti yako, za gitaa moja na sauti ya chini, zina watu wa kuzisikiliza, au anapoteza muda wake wakati wenzake wa rika lake wanarekodi bongo fleva na singeli? Ulisema kwamba mimi ninayefuatilia kila albamu inayotoka huku ndiye ninayeweza kukupa jibu la kweli. Nimelifikiria swali hilo kwa wiki kadhaa nikiwa nasikiliza muziki uliotoka mwaka huu, na nimeona ni vyema nikueleze nilichokisikia, ili wewe mwenyewe, uliyeshika gitaa la besi kabla sijazaliwa, upime.

Niruhusu nianze na bendi ya mji huu ninaoishi. Inaitwa English Teacher, vijana wanne waliokutana walipokuwa wakisomea muziki hapahapa Leeds, na albamu yao ya kwanza, This Could Be Texas, ilitoka tarehe 12 Aprili. Mwezi Septemba ilishinda tuzo ya Mercury, ambayo kila mwaka huteua albamu 12 za wanamuziki wa Uingereza na Ireland kisha hutoa zawadi kwa moja tu. Ilikuwa imepita miaka 10 tangu tuzo hiyo iende kwa wanamuziki wasio wa London. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2014, walipoitwaa Young Fathers wa Edinburgh. Watu wa hapa waliipokea habari hiyo kwa shangwe ambayo wewe utaielewa kuliko wengi, kwa sababu ni wewe uliyetuhadithia jinsi vikundi vya Black Star na Lucky Star walivyoitia taarabu magitaa ya umeme na besi wakiwa Tanga, wala hawakungoja ruhusa ya Dar es Salaam au Unguja.

Lakini tuzo siyo iliyonifanya niitaje bendi hii kwanza. Mwimbaji wao, Lily Fontaine, ni mwanamke mwenye asili mchanganyiko, na mmoja wa nyimbo zao unaitwa "R&B". Wimbo huo unazungumzia mazoea ya watu ambao, wakimwona mwanamke wa rangi yake amesimama mbele ya kipaza sauti, hukata shauri kabla hajafungua kinywa kwamba ataimba R&B, ilhali muziki wake ni wa magitaa yenye kelele na mapigo yasiyo ya kawaida. Besi inatangulia na kukokota kila kitu nyuma yake, naye anaingia kwa sauti iliyo katikati ya kuzungumza na kuimba, bila kulia wala kulalamika, akisema jambo lake kwa uwazi kabisa. Kila nikiusikiliza namfikiria binamu yangu, ambaye amekwisha kuambiwa mara ngapi sijui kwamba msichana wa Tanga mwenye sauti kama yake alipaswa kuimba kitu kingine. Wimbo huo walianza kuutoa mwaka 2021, wakati bendi ilikuwa haijulikani nje ya kumbi ndogo. Hawakuubadilisha ili upendeze zaidi. Waliurekodi tena na kuuweka ndani ya albamu, na albamu hiyohiyo ndiyo iliyoshinda.

Naomba pia umwambie ausikilize wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, "Albert Road", jina la barabara kuu ya Colne, mji mdogo wa Lancashire alikokulia Lily. Unaanza kwa utulivu, karibu kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kisha vyombo vinaongezeka kimoja baada ya kingine hadi mwisho unakuwa mkubwa mno kwa mji mdogo kama ule. Mtu aliyekulia kwenye mji ambao wengi huupita tu wakielekea kwingine anaweza kuuimba kwa ukubwa wa namna hiyo, na jambo hilo ndilo ninalotamani binti yako alisikie.

Sasa nikueleze kuhusu The Cure, bendi ya magitaa ya hapa Uingereza, kwa sababu hao ni wa rika lako kuliko langu. Tarehe 1 mwezi huu walitoa Songs of a Lost World, albamu yao ya kwanza baada ya miaka 16, nyimbo 8 tu, na zote zimetungwa na mwimbaji wao, Robert Smith, ambaye sasa ana umri wa miaka 65. Wimbo unaofungua, "Alone", unacheza zaidi ya dakika 3 kabla hajatamka neno. Vyombo peke yake, taratibu, ngoma nzito na kinanda, vinarudia mzunguko mmoja na kila mara vinaongeza kitu kidogo. Nilipousikia mara ya kwanza nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukitukataza kuzungumza wakati bashraf, ule muziki wa vyombo vitupu unaofungua taarabu, inapigwa, ukisema kwamba asiye na subira ya kuisikiliza hastahili kumsikia mwimbaji. Katika zama hizi, ambapo watu wanasema wimbo usiomshika msikilizaji katika sekunde chache za mwanzo umekufa, mzee huyu amefungua albamu yake kwa namna hiyo, na albamu imeingia nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza wiki ileile iliyotoka. Ndani yake upo wimbo alioutunga kwa ajili ya kaka yake aliyefariki, "I Can Never Say Goodbye", ambao sitausimulia. Usikilize siku ambayo nyumba imetulia.

Usidhani kwamba nawapenda wenye magitaa peke yao. Albamu iliyozungumzwa kuliko zote huku kiangazi kilichopita ni Brat ya Charli XCX, iliyotoka tarehe 7 Juni, yenye jalada la kijani kikali na neno moja jeusi lililofifia katikati. Ni muziki wa kuchezea usiku, wa kompyuta mwanzo hadi mwisho, na pengine hutaupenda. Lakini mama yake Charli alizaliwa na kulelewa Uganda katika familia ya Wahindi wa Kigujarati, kwa hiyo hata huyu ana uzi unaofika kwetu. Ninachotaka ukijue ni kisa cha wimbo mmoja, "Girl, so confusing". Charli aliutunga kuhusu mwanamuziki mwenzake wa kike ambaye hakumtaja jina, mtu ambaye hakuelewa kama ni rafiki yake au mpinzani wake. Wasikilizaji wakabashiri kwamba ni Lorde wa New Zealand. Wiki mbili baadaye wimbo ukatoka upya, na safari hii Lorde mwenyewe yumo ndani yake, anajibu, anaeleza kwamba alijitenga kwa sababu alikuwa akipambana na mwili wake mwenyewe na hofu zake. Wewe umeishi wakati wa nyimbo za kujibizana, wakati Black Star wakitoa wimbo na mji mzima ukingoja Lucky Star watasema nini, kwa hiyo unajua ladha ya wimbo unaojibu wimbo. Mimi nilizoea kujibizana kwa kuchomana. Kusikia wawili wakijibizana hadi wakapatana, ndani ya wimbo wa kucheza, kwangu lilikuwa jambo jipya, na naamini ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyofanyika katika pop mwaka huu.

Zipo nyingine nitakazozipitia kwa haraka. Beth Gibbons, mwimbaji wa bendi ya Portishead, ametoa Lives Outgrown akiwa na miaka 59, baada ya kuishughulikia kwa takriban muongo mzima. Anaimba kuhusu kuzeeka na kuzika watu, na baadhi ya midundo imepigwa kwa vyombo vya jikoni kwa sababu hawakutaka mlio wa dramu za kawaida. Siku hiyohiyo, tarehe 17 Mei, Billie Eilish alitoa Hit Me Hard and Soft, nyimbo 10, bila kutanguliza wimbo hata mmoja, ili watu waisikie nzima. Bendi ya Fontaines D.C. wa Dublin wametoa Romance, na katika wimbo "Starburster", uliozaliwa kutokana na kishindo cha hofu kilichompata mwimbaji wao katika stesheni ya treni ya St Pancras, London, anavuta pumzi kwa nguvu kwenye kiitikio hadi msikilizaji naye anahisi hewa imepungua. Kwa upande mwingine, Taylor Swift alitoa nyimbo 16 mwezi Aprili na saa mbili baadaye akaongeza 15. Namheshimu kama mtunzi, maana ana jicho la undani ambalo wachache wanalo, lakini naona kwamba laiti angechagua 12 miongoni mwa zile 31, angekuwa na albamu ambayo ningemtumia binamu kama somo la utunzi. Uchaguzi ni sehemu ya kazi, na mwaka huu waliochagua ndio walionikaa moyoni.

Hata hivyo, mjomba, uliniuliza kwa nia ya mzazi, na mzazi anataka kujua pia habari ya riziki. Hapa sina budi kusema kweli. Karibu na ninapoishi, mtaa wa Hyde Park, upo ukumbi unaoitwa Brudenell Social Club, ulioanzishwa mwaka 1913 kama klabu ya wafanyakazi. Hadi leo una meza za mchezo wa pool, kaunta inayouza mikate ya nyama, na jukwaa fupi kiasi kwamba ukisimama mbele unaweza kuona vidole vya mpiga gitaa vikitafuta nyuzi. Bendi nyingi zilizokuja kujulikana zilipita katika kumbi za namna hiyo. Kumbi hizo zinakufa: shirika linalozitetea, Music Venue Trust, lilihesabu 125 zilizofungwa au kuacha muziki katika mwaka 2023 peke yake. Lily Fontaine mwenyewe alikwenda mbele ya kamati ya Bunge mwaka huu kueleza jinsi ilivyo vigumu kwa bendi kama yake kupata fedha kutokana na ziara, na kamati ikapendekeza kwamba tiketi za viwanja vikubwa zikatwe mchango wa kuzisaidia kumbi ndogo. Ikiwa wenye tuzo wanazungumza hivyo, siwezi kukuahidi kwamba gitaa litamlipia binti yako kodi ya nyumba. Amalizie masomo yake ya ualimu, na hilo naomba umwambie kwamba limetoka kwangu pia.

Lakini swali lako la kwanza lilikuwa kama nyimbo zake zina wasikilizaji, na jibu langu ni ndiyo. Nimezisikiliza zote nne alizonitumia kwa WhatsApp. Ule wa pili, ambamo pikipiki inasikika ikipita nje wakati anaanza beti ya tatu, ndio bora, na sababu ni kwamba gitaa linangoja. Anaimba mshororo, ananyamaza, na nyuzi zinajibu kabla hajaendelea. Hilo amelipata kwako na kwenye taarabu, wala hakuna mwalimu wa huku angeweza kumpa. Umeniambia kwamba kijana mwenye studio pale barabara ya kumi na mbili anataka kumwekea ngoma za kompyuta na kuufupisha uwe wa dakika mbili. Nakuomba, kwa heshima zote, umzuie. Akitaka kuurekodi upya, na aurekodi usiku ambapo barabara imetulia, kwa simu ileile, akiwa na mtu mmoja tu wa kumshikia mdundo kwa ngoma ndogo, na wewe ukiwa kwenye besi ikiwa vidole bado vinaruhusu. Nyimbo nne zinatosha kabisa kuanzia. Nami nitazifikisha kwa watu ninaowafahamu hapa, wanaoendesha usiku wa waimbaji wasiojulikana, ambao husikiliza kila wanachotumiwa.

Santuri ya English Teacher nimekwisha kuinunua. Huku zinauzwa pauni 25 hadi 30, ambayo ni zaidi ya shilingi 80,000, basi mwambie binti yako aishike kwa uangalifu. Jirani yangu anasafiri kuja Tanga katikati ya Desemba na amekubali kuibeba kwenye mzigo wa mkononi. Tafadhali mpeleke fundi aitazame gramafoni yako, hasa sindano, maana nakumbuka ilikuwa ikikwaruza nilipoondoka.

Na wewe, mjomba, usikilize "Alone" ukiwa na spika nzuri, uniandikie kama ule mwanzo wake ni mrefu mno au umekaa sawa. Nabishana na rafiki zangu hapa kuhusu hilo, na nimewaambia kwamba nangoja hukumu yako.

Nisalimie wote, na Bibi mpe shikamoo yangu ya pekee.

Wako mtiifu,
Mpwa wako