Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na John Donne

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulikubaliana kumsoma mshairi mmoja tu, Mwingereza John Donne, na sijutii.

Kikao kilichotuweka hadi usiku ni kile cha bikari. Katika shairi la kumuaga mpenzi wake, Donne anafananisha roho mbili na miguu ya bikari: mmoja umesimama katikati, mwingine unazunguka mbali. Uliosimama humwinamia mwenzake, na akirudi nyumbani husimama wima. Tafsiri yetu ya kwanza ilisema "dira", maana Kiingereza huita zote mbili "compass", shairi likafa palepale, kwani dira haina miguu. Ndipo mwenzetu fundi seremala akatoa bikari mfukoni, akachora duara mezani polepole. Sote tukauona mguu ukiinama.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba mapenzi yamekula muda wa mahubiri. Ni kweli. Donne alitiwa ndani kwa kumwoa Anne More kwa siri mwaka 1601, akapata ukasisi mwaka 1615, na kuanzia 1621 aliongoza Kanisa Kuu la St Paul's, London. Yamebaki mahubiri yake kama 160; sisi tumesoma mawili. Mwakani tuanze na hayo.

Novemba tulimzika mweka hazina wetu. Kikao kilichofuata tulisoma Tafakari ya 17, andiko la nathari ambalo Donne alilitunga kutokana na ugonjwa uliomlaza mwaka 1623, akisikia kengele ya msiba: usitume mtu kuuliza kengele inamlilia nani, inakulilia wewe. Kijana aliyekuwa akisoma alikwama hapo. Tulimsubiri mpaka akamaliza.

Uhai wake wote, mashairi ya Donne karibu yote yalipita mkono kwa mkono, marafiki wakiyanakili. Kitabu kilitoka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake. Baadaye mhakiki Samuel Johnson aliwakosoa vikali washairi wa namna yake, na ikabidi kungoja toleo la mashairi yake lililohaririwa na msomi Grierson mwaka 1912 na makala ya mshairi T. S. Eliot ya 1921 ndipo Donne akasomwa tena kwa upana. Sisi ambao tenzi zetu nazo zilitunzwa kwa miswada tunajua thamani ya aliyekaa akanakili.

Kwa hiyo naomba kila mmoja anakili kwa mkono wake tafsiri moja ya mwaka huu. Daftari liko kwa katibu. Ukurasa wa kwanza ameuandika fundi wetu, na pembeni amechora bikari.