Stripu za sukari zikiisha mkobani, nani azirudishe?

Mhariri,

Tangu Septemba 2023, Rais William Ruto alipozindua ugavi wa mikoba ya vifaa, wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, hawa tunaowaita CHP, wamekuwa wakipita mlango kwa mlango, kila mmoja na nyumba zake mia hivi. Kinachosemwa sana ni posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Walipwe, tena kwa wakati. Lakini mhamasishaji aliyelipwa, mkoba wake ukiwa mtupu, atakwenda kwa mgonjwa wa sukari kumjulia hali tu.

Mizani na mashine ya presha hudumu, mradi kuna betri. Stripu za kupimia sukari, vile vijiti bapa vya kuwekea tone la damu, huisha. Kopo huwa na stripu 50. Mwenye nyumba 100, akipima mtu mzima mmoja tu kila nyumba, humaliza makopo mawili kwa mzunguko mmoja, na hapo hajawarudia waliokutwa sukari imepanda. Stripu za mashine ya kampuni moja hazifanyi kazi kwenye ya nyingine. Ofisa wa ununuzi asipojua ni mashine zipi zilizo mikononi mwa watu, ataleta makatoni yasiyomfaa yeyote.

Huku Pwani kuna na unyevu. Kopo likikaa wazi, stripu huharibika na kutoa kipimo cha uongo. Lifungwe papo hapo stripu ikishatolewa, na tarehe ya kulifungua iandikwe ubavuni kwa kalamu, maana aghalabu likishafunguliwa muda wake hupungua kuliko ule uliochapishwa. Halafu kidole. Mtu aliyetoka kumenya embe akitobolewa bila kunawa, mashine husoma sukari ya embe. Anawe kwa maji na sabuni, akauke kabisa, atobolewe pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati panapouma zaidi. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha iende kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano. Kipimo cha sukari cha 7.0 mmol/L kabla ya kula asubuhi, au 11.1 saa yoyote, ni cha kumpa rufaa. Kumwambia mtu kuwa ana kisukari ni kazi ya kliniki.

Presha nayo hupimwa kwa pupa. Mama ametoka kisimani na ndoo, anafungwa mkanda akiwa bado anahema, anaambiwa presha iko juu, na usiku halali. Akae kwanza dakika 5, mgongo uegemee, nyayo zikanyage chini, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa buibui. Aombwe chumba cha faragha, hakuna atakayekataa. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, kipimo hupanda bure. Apimwe mara mbili, dakika moja katikati. Ikifika 140 kwa 90, apewe rufaa. 180 kwa 110, asilale nyumbani kabla hajaonwa.

Rufaa yenyewe ndipo kazi nzuri inapopotelea. Fomu ya MOH 100 ina sehemu ya mhamasishaji na sehemu ya kituo kumjibu: mgonjwa alikutwa na nini, amepewa dawa gani, afuatiliwe vipi nyumbani. Sehemu hiyo ikibaki tupu kwenye faili la zahanati, mhamasishaji hurudi mlangoni bila kujua kama mgonjwa alifika, wala kama dawa anazopaswa kumkumbusha ni za asubuhi au za jioni.

Tunaziomba serikali za kaunti ziweke stripu, sindano na betri kwenye fungu lao la bajeti, zisihesabiwe ndani ya vifaa vilivyokwisha kugawiwa. Zigawiwe kila mwezi kwenye zahanati ya eneo, siku ileile wahamasishaji wanapokuja na ripoti zao, na kiasi kihesabiwe kwa idadi ya watu wa kupimwa. Siku hiyohiyo msimamizi wa zahanati awarudishie fomu za rufaa zilizojazwa.

Wakufunzi wa wahamasishaji wa afya ya jamii,
Kilifi