Akili Inapotangatanga: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba kila unapoketi kuzingatia pumzi akili hukutoroka mara moja, na umeanza kuamini kuwa zoezi hilo halikufai. Naona umelielewa kinyume.

Ubongo haulali mtu anapokaa bure. Mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo, hasa za katikati kwa mbele na kwa nyuma, ambazo huchangamka mtu asipokuwa na shughuli maalumu na hutulia anapopewa kazi. Sehemu hizo kwa pamoja ni mtandao mmoja, nao hushughulika tunapokumbuka ya jana, tunapopanga ya kesho na tunapojifikiria wenyewe. Nao una kazi nyingi: mwaka 2010 watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu, kwa nyakati zisizotabirika, walikuwa wakiwaza nini, na karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha mawazo yalikuwa mbali na walichokuwa wakikifanya. Basi usijione una kasoro ya peke yako.

Utafiti unaonivutia zaidi ni wa Wendy Hasenkamp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, uliochapishwa mwaka 2012. Wazoefu 14 wa taamuli, yaani zoezi kama hilo lako la kuutuliza umakini, walilala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo wakizingatia pumzi, na kila mmoja alibonyeza kitufe alipogundua kwamba mawazo yake yamehama. Picha zilionyesha mzunguko: wakati wa kutangatanga, mtandao niliokwisha kuutaja ndio uliochangamka, mtu alipogundua, uliamka mtandao mwingine, wenye sehemu iitwayo insula, ambao kazi yake ni kutambua jambo linalostahili kuangaliwa, kisha sehemu za mbele kwa pembeni zikaurudisha umakini kwenye pumzi. Hao walikuwa wazoefu, mwanangu, na bado walikuwa na sababu ya kubonyeza! Kule kugundua na kurudi ndiko zoezi lenyewe, na bila akili kuhama usingepata nafasi ya kulifanya.

Sisemi kwamba mazoea hayabadilishi kitu. Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliona kwamba, wakati wa taamuli, vituo vikuu vya mtandao ule vilikuwa vimetulia zaidi kwa wazoefu kuliko kwa wanaoanza, ingawa waliopimwa walikuwa wachache na kutulia si kuzimika. Wala nisingependa uzimike, maana ndio unaokuwezesha kupanga maisha yako.

Kwa hiyo akili ikihama, tambua kwamba imehama, kisha urudi kwenye pumzi bila kujikaripia, kwa sababu kujikaripia nako ni kujiwazia wewe mwenyewe, na hiyo ni kazi ya mtandao uleule uliokuwa ukijaribu kuutuliza.

Ni mimi mzazi wako, nikupendaye.