Spika janja inakata muziki? Angalia chaja kabla ya kuileta kwa fundi

Echo Dot au Nest Mini inayokata wimbo katikati mara nyingi haina ubovu wowote ndani. Fanya jaribio moja: iunganishe na simu kwa bluetooth, upige wimbo uliokwisha kuupakua, sauti ikiwa juu. Wimbo huo haupiti kwenye intaneti. Ukienda bila kukatika, spika ni nzima, tatizo liko kwenye waifai au akaunti. Ukikatika na simu iko hatua moja tu, shuku umeme.

Na umeme ndio unaosahaulika. Echo Dot ya toleo la 2 na Google Home Mini zina tundu la micro-USB, kwa hiyo watu huchomeka chaja yoyote ya simu iliyo karibu. Adapta halisi ya spika hizi ni volti 5, ampea 1.8. Chaja ya ampea 1 itaiwasha spika, itajibu, hata itaimba kwa sauti ya chini. Pandisha sauti, besi ianze kugonga, inazima na kuwaka upya. Waya mrefu mwembamba wa bei chee nao huleta balaa hilohilo. Echo Dot ya toleo la 3 ina adapta ya volti 12, ampea 1.25, yenye pini ya duara; ikipotea, tafuta yenye volti hizohizo. Volti na ampea zimeandikwa mgongoni mwa adapta, kwa herufi ndogo kweli, lakini zisome.

Kwenye waifai, spika ya chumba cha mbali iweke kwenye bendi (masafa ya mawimbi ya ruta) ya 2.4 GHz. Ile ya 5 GHz ina kasi zaidi, ila kuta huishinda upesi, na muziki hauhitaji kasi kubwa: hata kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, saa nzima hula kama MB 144. Usiiweke tu kando ya maikrowevu, maana huvuruga bendi hiyo ya 2.4. Kwa wanaotumia hotspoti ya simu, saa 7 za ubora huo ni karibu GB 1 ya bando.

Umeme ukikatika na kurudi, ruta ikachelewa kuwaka, spika inaweza kukwama. Ngoja ruta itulie, chomoa spika sekunde 30, chomeka tena.

Muziki umesimama wenyewe, na simu ya mtoto chumbani inaimba? Akaunti moja ya Spotify hupiga kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Hapo dawa ni kifurushi cha familia, si adapta mpya.

Alexa, msaidizi wa sauti aliye ndani ya Echo Dot, haijui Kiswahili, hivyo jina la wimbo wa Kiswahili hulisikia visivyo na kupiga kingine. Chagua wimbo kwenye simu, kisha uutume kwenye spika.

Kuifuta spika mipangilio yake kabisa kuwe kwa mwisho. Kwenye Echo Dot ya toleo la 3, shikilia kitufe chenye nukta kwa sekunde 25. Mipangilio yote itaondoka, kwa hiyo uwe na nywila ya waifai mkononi kabla hujabonyeza.